Familia Yetu Inahitaji Nyumba ya Ukubwa Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa hasa kwa familia zinazojenga awamu kwa awamu, kwa fedha zao wenyewe, katika miji ya Tanzania, ingawa mpangaji na msomaji wa Nairobi au Mombasa naye atapata yanayomhusu. Vipimo vimetolewa kwa mita, na kwa futi pale ambapo mafundi na wauza samani hutumia futi.

## Mambo ya msingi

1. Familia ya kawaida inahitaji vyumba vingapi vya kulala?

Hakuna idadi moja inayomfaa kila mtu, lakini pa kuanzia papo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, na sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata wastani wa watu 3.9. Kaya ya namna hiyo, yaani wazazi wawili na watoto wawili au watatu, hutoshwa na vyumba vitatu kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na watoto wakiwa bado wadogo hutoshwa na viwili kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Chumba cha nne huwa na sababu pale tu anapokuwapo mtu mwingine mzima anayeishi hapo moja kwa moja: mama mkwe, shemeji anayesoma chuo, au dada wa kazi anayelala hapo hapo.

Wahesabiwe wanaolala nyumbani usiku wa siku ya kawaida ya kazi, si wanaojaa wakati wa Idi au Krismasi. Nyumba nyingi za vyumba vitano zinazobaki maboma yasiyokamilika kwa miaka kadhaa zilichorwa kwa hesabu ya Krismasi.

2. Je, kuna kipimo rasmi cha msongamano?

Kipo. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, huhesabu kuwa nafasi haitoshi iwapo zaidi ya watu watatu wanatumia chumba kimoja cha kuishi. Izingatiwe kwamba kipimo hicho kiliwekwa ili kutambua makazi duni. Anayekifikia ameepuka dhiki tu, bado hajapata nafasi nzuri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, lakini haitaji mita za mraba.

Anayetaka kulinganisha anaweza kuangalia mpango wa serikali ya Kenya wa nyumba za gharama nafuu, ambamo nyumba ya vyumba viwili hupewa takriban mita za mraba 40 na ya vyumba vitatu takriban 60. Ramani nyingi za vyumba vitatu zinazouzwa mitaani Dar es Salaam huzidi mita za mraba 100. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna nafasi kubwa ya kuamua, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo haimo katika vyumba vya kulala, bali katika sebule, korido na vyoo vya ziada.

3. Tuhesabu vyumba au mita za mraba?

Hesabuni vyote viwili, kisha mpime kwa samani, kwa sababu chumba kisichoenea kitanda chake ni chumba kwenye ramani tu. Chukueni mfano wa chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ni kama mita 3.05 kila upande. Kitanda cha sita kwa sita, pamoja na mbao zake, hukaribia mita 2 kwa upana na mita 2.1 kwa urefu. Kikiegemezwa ukutani, miguuni hubaki chini ya mita moja. Likiwekwa hapo kabati lenye kina cha sentimita 60, mtu hupita kiubavu na milango ya kabati haifunguki yote. Chumba hicho hicho kikiwa cha futi 12 kwa 12, nafasi ya kupita hukaribia mita moja kamili. Kwa hiyo futi 12 zinafaa chumba cha wazazi, na futi 10 zinamtosha mwenye kitanda cha nne kwa sita.

Mwulizeni pia mchora ramani kama vipimo vyake ni vya ndani au vinaanzia katikati ya ukuta mmoja hadi katikati ya ukuta mwingine. Ukuta wa tofali la inchi 6, ukishapigwa lipu pande zote mbili, huwa na unene wa takriban sentimita 18. Chumba kilichoandikwa mita 3.0 kwa kipimo cha katikati ya kuta hutoka na mita 2.82, na upungufu huo mtaugundua siku kitanda kinapoingizwa.

4. Tutajuaje mahitaji yetu kabla ya kumwendea mchora ramani?

Kwa wiki moja, andikeni kila mtu wa nyumbani anakuwa wapi na anafanya nini katika saa mbili ngumu kuliko zote: saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni. Asubuhi huonekana foleni ya bafu. Jioni, mara nyingi sebule moja huwa imebebeshwa taarifa ya habari, daftari za shule, mtu anayeswali, anayepiga pasi, na jirani aliyepita kusalimia. Mkiyaona hayo kwenye karatasi, huenda mkagundua kwamba mlichokuwa mkikiita upungufu wa vyumba ni upungufu wa meza ya kusomea, au wa bafu la pili, au wa mahali pa kuweka magunia na ndoo ambazo sasa zimejipanga koridoni.

Kisha orodhesheni vitu. Familia nyingi zina chumba kizima kilichogeuka ghala la masanduku, mashine ya kusaga isiyotumika, viti vya plastiki na magodoro ya akiba. Stoo ya mita 1.5 kwa 2 yenye rafu hadi darini ingeyabeba yote hayo, na chumba kikarudi kuwa cha kulala. Kazi ya orodha hii ifanywe na baba na mama pamoja, na watoto wakubwa waulizwe, kwa maana anayepika na anayefua hujua mambo ya nyumba ambayo mlipaji wa fundi hayajui.

## Vyumba vya kulala

5. Watoto wa kike na wa kiume watenganishwe lini?

Katika familia za Kiislamu msingi wake ni mafundisho yanayotaka watoto watenganishwe malazi wanapofikia miaka kumi, na familia nyingine nyingi za pwani na bara hufuata umri unaokaribia huo, au husubiri dalili za balehe. Katika jamii za Wajaluo, kijana wa kiume alijengewa simba yake, nyumba ndogo ndani ya boma la wazazi. Kijijini jambo hilo bado ni rahisi kuliko mjini, kwa kuwa uwanja upo.

Kwa ramani ya mjini, maana yake ni kwamba familia yenye watoto wa jinsia zote mbili itahitaji vyumba viwili vya watoto, hata wakiwa watoto wawili tu, lakini haihitaji kuwa navyo siku ya kuhamia. Mtoto wa kwanza akiwa na miaka minne, kuna miaka sita ya kujenga chumba hicho cha pili (soma swali la 14).

6. Je, kila mtoto awe na chumba chake?

Si lazima. Watoto wa jinsia moja hukaa vizuri chumba kimoja, na kipindi ambacho wote wanalala nyumbani kwa pamoja, kabla wa kwanza hajaenda bweni au chuo, huwa kifupi ukilinganisha na umri wa nyumba. Dabo deka katika chumba cha mita 3 kwa 3 huacha nafasi ya meza na kabati.

Tahadhari moja husahaulika: pangaboi la darini na kitanda cha juu cha dabo deka havikai chumba kimoja. Mtoto akiamka na kuinuka ghafla, mkono au kichwa hufika kwenye mapanga. Chumba hicho kipewe feni ya ukutani au ya kusimama, na mafundi wa umeme waambiwe mapema.

7. Ni vizuri vyumba vyote viwe masta?

Kwa maoni yetu, hapana. Kila choo cha ziada kina mabomba yake, chemba yake, vigae vyake na harufu yake maji yanapokatika, na katika mitaa yenye mgao wa maji vyoo vitatu ni mzigo wa kubebea ndoo mara tatu. Masta moja ya wazazi na choo kimoja cha pamoja hutosha watu watano au sita, kwa sharti kwamba choo na bafu vya pamoja vitenganishwe kwa ukuta na kila kimoja kiwe na mlango wake. Mmoja anaoga na mwingine anatumia choo, na foleni ya saa kumi na mbili asubuhi inakatika kwa gharama ya mlango mmoja.

8. Tusipokuwa na chumba cha wageni, wageni watalala wapi?

Chumba cha wageni kinachokaa bila mtu miezi kumi na moja hugeuka stoo, na mgeni anapofika hulazwa kwa watoto vilevile. Lililo bora ni kuchagua chumba kimoja cha kawaida kilicho karibu na mlango wa mbele na choo cha pamoja, kikatumika kwa kusomea au kwa mtoto mkubwa, na mgeni akija mtoto akahamia kwa wenzake siku hizo. Chumba hicho hicho ndicho kitakachomfaa mzazi mzee baadaye (soma swali la 16). Wageni wa msiba na arusi wana hesabu yao, nayo ipo katika swali la 10.

## Sebule, jiko na uani

9. Sebule iwe kubwa kiasi gani, na je, chumba cha kulia chakula ni lazima?

Sebule ya mita 4 kwa 5 hubeba seti ya kawaida ya makochi, televisheni na njia ya kupita bila kuruka miguu ya watu. Chumba cha kulia kilichozungushiwa kuta zake ndicho chumba kinachotumika kidogo kuliko vyote katika nyumba za siku hizi. Meza ya watu sita huenea kwenye pembe ya sebule au kati ya sebule na jiko.

10. Tukipata msiba au arusi, watu watakaa wapi bila sebule kubwa?

Watakaa pale wanapokaa siku zote: nje. Msiba wa uswahilini haufanyiki sebuleni. Siku ya kwanza makochi hutolewa, mikeka hutandikwa, wanawake hukaa ndani na kibarazani, wanaume hukaa chini ya turubai lililofungwa uwanjani au barabarani, na sufuria kubwa hupikwa uani juu ya mafiga. Sebule ya mita 4 kwa 5 na sebule ya mita 6 kwa 8 zote hujaa ndani ya saa moja, na tofauti kati yake haimsaidii mtu yeyote.

Kinachosaidia ni eneo wazi la takriban mita 6 kwa 6 mbele au ubavuni mwa nyumba, choo kinachofikika kutoka nje bila kupita vyumba vya kulala, na bomba la maji uani. Aliyejaza kiwanja chake chote kwa vyumba ili apate nafasi ya wageni ndiye anayelazimika kuomba uwanja wa jirani.

11. Jiko liwe ndani au nje?

Yote mawili, na yote yawe madogo. Jiko la ndani la mita 2.4 kwa 3 latosha kwa gesi, sinki na jokofu. Nje ya mlango wake wa nyuma kuwe na banda lililoezekwa, lililo wazi angalau upande mmoja, kwa ajili ya mkaa, maharage ya kuchemsha kwa muda mrefu, kukaanga samaki na kufua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na ni lengo zuri, lakini nyumba inayojengwa leo itakutana na mkaa kwa miaka mingi kabla haujaisha.

Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiingizwe ndani ili kupasha joto usiku wa baridi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

12. Vipi kuhusu nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita?

Ramani hiyo ya zamani ina akili kuliko inavyosifiwa. Ina baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma wenye jiko, stoo, choo na bafu. Kwa kuwa vyumba vinakaribiana ukubwa na vyote hufunguka koridoni, chumba chochote kinaweza kuwa cha mtoto mwaka huu, cha mpangaji mwaka ujao, na cha bibi baadaye, bila kuvunja ukuta. Udhaifu wake ni hewa: korido iliyozibwa mwisho huwa na giza, na vyumba vya katikati hupata dirisha upande mmoja tu.

Uzoefu wa pwani unaonyesha pia kwamba upana si kila kitu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu, nao kwa kawaida haukuzidi sana mita 3. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, na watu wenye uwezo mkubwa waliishi humo kwa raha.

Wanaoiga korido ya nyumba hiyo katika ramani za kisasa wakumbuke bei yake. Korido ya mita 1.2 kwa 8 ni mita za mraba 9.6, zaidi kidogo ya chumba kizima cha futi 10 kwa 10.

## Kiwanja na fedha

13. Chumba kimoja cha ziada kinaongeza gharama kiasi gani?

Bei hubadilika, kwa hiyo ni salama zaidi kuhesabu vifaa. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kinachoegemea ukuta mmoja uliopo kinahitaji kuta tatu mpya, jumla ya mita 10.8. Kwa kimo cha mita 3, ukiondoa dirisha, ni karibu mita za mraba 30, na kila mita ya mraba hula takriban tofali 10 zilizosimamishwa. Hizo ni 300. Msingi wa kozi nne huongeza kama 95. Juu yake kuna renta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), bati za eneo la karibu mita za mraba 18 pamoja na mwinamo na kingo, mbao, dari, sakafu ya zege, vigae, dirisha na nondo zake, mlango, nyaya na rangi. Mara nyingi hayo ya baada ya kupaua hufikia au kupita gharama ya boma lenyewe, na ndiyo sababu maboma ni mengi kuliko nyumba zilizokamilika.

Kodi ya majengo isiwatishe katika uamuzi huu: Tanzania, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida, bila kujali idadi ya vyumba. Kwa ghorofa, hesabu huenda kwa idadi ya sakafu.

14. Tunaweza kuanza na vyumba viwili na kuongeza baadaye?

Ndiyo, na kwa familia nyingi hii ndiyo njia tunayoipendekeza, ilimradi nyumba ya mwisho ichorwe kwanza yote. Ramani kamili iombewe kibali cha ujenzi halmashauri, kisha sehemu ya kwanza ijengwe ikiwa inakalika yenyewe: chumba cha wazazi, chumba cha watoto, sebule, jiko na choo. Familia ikihamia humo, kodi ya pango inayookolewa ndiyo itakayojenga chumba cha tatu.

Makosa huonekana wakati wa kuongeza. Shimo la maji taka huwa limechimbwa pale pale chumba kilipopangiwa kukaa. Paa la migongo minne huwa limefungwa pande zote, na kuliongeza kunadai kufumua bati na mbao. Paa la migongo miwili hurefushwa kwa urahisi upande wa pembeni. Ukuta utakaopokea mlango wa baadaye uwekewe dirisha sasa, kwa kuwa renta itakuwa tayari juu yake na kubomoa chini ya dirisha ni kazi ndogo. Nondo za mkanda wa msingi na za renta ziachwe zikichomoza na kufunikwa kwa zege hafifu zisile kutu.

15. Kiwanja chetu ni cha mita 20 kwa 20. Nyumba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni ipi?

Kila halmashauri ina masharti yake ya nafasi za kuacha. Tukichukua kwa mfano mita 3 mbele, 4 nyuma na 2 kila ubavu, hubaki eneo la mita 13 kwa 16, yaani mita za mraba 208. Hata hivyo, kulijaza lote si busara, kwa sababu hizo zilizoelezwa katika swali la 10 na la 11, na kwa sababu dirisha linalotazama ukuta wa fensi kwa karibu halileti upepo, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hulilipia mwezi wa Januari na Februari. Nyumba ya mita za mraba 110 huacha karibu robo tatu ya mita za mraba 400 za kiwanja, yaani 290, kwa ajili ya uani, maji, miti na gari.

Kenya, kiwanja kinachouzwa kwa jina la robo ya nusu ekari, futi 50 kwa 100, ni mita za mraba kama 465. Thumuni kamili ya ekari ni 506. Pimeni kabla ya kuchora.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mzazi wetu mzee anahamia kwetu. Tuongeze nini?

Mara nyingi chumba kipo, kinachokosekana ni njia. Chumba chake kiwe cha chini, hatua chache kutoka chooni, mlango uwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, sakafu ya bafu isiwe na kizingiti wala vigae vya kuteleza, na ukutani kuwe na bomba la kushikilia. Mpeni pia dirisha linaloona mlango wa mbele, kwani mzee hupenda kujua nani kaingia.

17. Sisi ni wapangaji wa chumba na sebule, na mtoto wa tatu yuko njiani.

Kabla ya kutafuta nyumba kubwa mbali zaidi, jumlisheni kodi mpya na nauli ya kila siku ya wote wanaotoka. Kwa kipindi cha kati, sebule igeuzwe ya kulala usiku kwa magodoro yanayokunjwa, kabati refu lisimame kama kizuizi kati ya watoto na mlango, na vitu visivyotumika viondoke. Mkihama, tafuteni kwanza choo cha ndani na uani wa kuchezea. Chumba cha tatu kije baada ya hayo.

18. Tunaishi ughaibuni na tunajenga nyumbani kwa ajili ya likizo. Tujenge kubwa?

Nyumba inayokaliwa wiki sita kwa mwaka huharibika haraka kuliko inayokaliwa daima, kwa kuwa hakuna anayeona bati linalovuja wala mchwa wanaopanda ukutani. Familia za Muscat au London hufaidika zaidi na nyumba mbili ndogo katika kiwanja kimoja, kila moja na mlango na mita yake ya umeme: moja ya ndugu au mpangaji anayeitunza, nyingine yenu.

19. Watoto wameondoka na tumebaki wawili katika vyumba vitano. Tufanye nini?

Kama choo cha pamoja na chumba cha mbele vimekaa upande mmoja, nyumba inaweza kugawanywa kwa ukuta mmoja wa koridoni, mlango mpya wa nje na mita ya pili ya LUKU, na upande huo ukapangishwa bila ninyi kuhama. Wanaotaka kuuza na kuhamia nyumba ndogo wafahamu kuwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa hiyo ipatikane kwa maandishi kabla ya kupokea fedha ya mnunuzi.